Sahani Saba za Lubunga

Goma, 14 Machi 2022

Mama Safi, assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Goma, kwenye benchi la bandarini, nikisubiri boti ya kwenda Bukavu. Kutoka hapo ni Uvira, halafu ziwa, halafu Kigoma nyumbani. Dady, yule mfanyabiashara wa vitenge aliyenivusha mto mpaka Lubunga na kunionyesha mlango wenu, kesho anarudi Kisangani kwa ndege. Nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi, kwa sababu namba ya simu sikuwaachia, wala yenu sikuiomba.

Kwanza shukrani, maana mnastahili. Nilifika kwenu Jumamosi saa nne asubuhi, bila taarifa, shati limenigandia mgongoni kwa jasho. Nilitaja jina langu na kusema nimeleta salamu kutoka Ujiji, basi. Hukuniuliza lingine. Uliniletea maji ya kunawa, ukaniketisha kwenye kiti chenye mto, ukamtuma mwanao Ismaël sokoni. Ilipokuja chai na mikate ya mafuta nilidhani ndiyo chakula chenyewe, nikala kwa pupa. Kumbe mlikuwa mnanionjesha tu.

Baada ya chai ikaja mihogo ya kuchoma. Baada ya mihogo, lituma, ndizi zile zilizopondwa na kuchanganywa na mawese, laini kiasi kwamba hata asiye na jino angezimaliza. Kisha samaki wa liboke, mkamfungua kwenye majani mbele yangu, mvuke ukajaa chumba kizima. Kisha pondu, kisamvu chenu. Kisha wali kwa kuku. Kati ya sahani na sahani mlikuwa mnakaa na mimi, mnaniuliza habari za ziwa, za dagaa, na kama ni kweli treni ya Dar es Salaam inafika mpaka kwetu. Ismaël alinichekesha sana na visa vya walimu wake wa chuo. Hakuna aliyeharakisha. Sijawahi kula hivyo, hata kwenye harusi. Ya saba ilikuwa nanasi, na tulipoimaliza alasiri ilikuwa imeshaingia, na Dady alikuwa amepiga hodi mara mbili kuniambia mtumbwi unatungoja.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema mbele ya chakula. Wewe unajua mimi ni nani. Niliona machoni mwako pale mlangoni, kabla sijataja jina. Mimi ni mwana wa mumeo, Amuri, niliyezaliwa Ujiji mwaka 2000, wakati yeye akiwa mkimbizi kwetu, nikaachwa nikiwa na miaka saba. Nilisafiri siku tisa kumwona yeye. Nimekula sahani saba nyumbani kwake, nimeondoka bila kumwona.

Sitauliza sababu. Mikono yenu ilinipokea vizuri, nami sitaki kukiharibu chakula kile kwa maneno. Mfikishieni salamu mwenye nyumba, kama zinamhusu.

Aliyekula kwenu akashiba,
Yunus Amuri


Kisangani, 3 Aprili 2022

Mwana wetu Yunus, wa alaykum salaam.

Dady amefikisha barua. Mimi ninasema, Ismaël anaandika. Nimemwambia aandike Kiswahili cha kitabu, maana ninyi wa Tanzania mnatucheka tukifungua kinywa tu. Anasema ameshaninyoosha maneno kumi na bado ukurasa haujafika nusu.

Tumefurahi kwamba chakula kilikupendeza. Ile lituma unayoisifu, siri yake ni kwamba ndizi zisiive sana na mawese yawe ya juzi juzi. Kuku aliletwa na jirani yetu, Mama Pélagie. Alipoiona sura yako ukivuka uani alimkamata na kumleta mwenyewe bila kuombwa. Watu wa mtaa bado wananiuliza yule kijana atarudi lini.

Kuhusu Mzee: siku ile alikuwa Ubundu. Alikwenda kwa gari la moshi kumzika rafiki yake wa zamani, akarudi baada ya siku nne. Ni mzima, anakusalimia. Alisikitika sana kukukosa. Nilipaswa kukuambia pale pale, lakini chakula kilikuwa kinaendelea na maneno yakanipita.

Mwanangu, nyumba hii si ngeni kwako. Ukipata njia, rudi. Nitapika tena, polepole vilevile.

Mama yako wa Lubunga,
Safi

Chini hapa ninaongeza mimi, Ismaël. Mama amerudi jikoni. Mdogo wangu, ninaandika ninachoambiwa. Ukija tena, usinyamaze. Siwezi kusema zaidi ya hapo, nimekatazwa.


Ujiji, 22 Mei 2022

Mama Safi,

Barua yenu imenifikia, imekunjwa ndani ya kitenge. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Ubundu. Huyo mtu wa Ubundu alikohoa nyuma ya pazia lenu mara nne nilipokuwa nakula. Ya kwanza ilikuwa kwenye mihogo. Kikohozi hicho nakijua: mbili fupi, kisha anasafisha koo kama anayetaka kuanza hotuba. Nilikuwa nakisikia kila alfajiri mpaka nilipofika miaka saba. Na nilimwona Ismaël akipitisha sahani ya lituma nyuma ya pazia, ikarudi imechokonolewa kidogo tu. Tulikuwa tunakula chungu kimoja, mimi na baba yangu, kitambaa katikati yetu, naye hakutoka. Ungeniambia hataki kuniona ningeumia nikazoea. Umenidanganya, na uongo wenyewe ni wa mchana kweupe.

Halafu Ismaël ananiambia nisinyamaze. Ningesema nini? Ngoja nikueleze kwa nini nilinyamaza, maana naona mnanichukulia kama mtu wa kiburi.

Baba alipoondoka mwaka 2007 alisema anakwenda kuona makaburi ya watu wake waliokufa vitani, kisha atarudi. Tangu siku hiyo kila jioni nilikuwa namuuliza mama: Baba yuko wapi? Naye ananijibu yuko Kongo, anakuja. Miaka miwili nilimuuliza hivyo. Jioni moja niliuliza mbele ya majirani. Mama aliacha kusonga ugali, akatoka nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka ugali ukaungua na moshi ukatutoa sote nje. Aliporudi aliniambia kwamba mwanamume anayetaka kuonekana ataonekana, na kwamba nisimuulize tena mtu yeyote, yeye wala mwingine. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu hapo swali hilo halijatoka mdomoni mwangu. Hata shuleni, kwenye fomu, sehemu ya anuani ya baba nilikuwa naiacha tupu na walimu wananichapa.

Kwa hiyo kwenu nilingoja. Kila sahani ilipoingia nilijiambia, baada ya hii atatokea. Niliogopa kusema nimeshiba, kwa sababu nikisema nimeshiba ndiyo mwisho. Ulipoleta wali nilikuwa nakaribia kutapika, nikala.

Na nilikuwa na jambo la kumpa. Mama yangu, Tatu, alifariki Ramadhani ya mwaka jana. Siku mbili kabla, aliniita akaniambia nimfuate Baba popote alipo, nimwambie kwamba amempa radhi kwa yote, asiende na mzigo wake akhera. Akasisitiza nimwambie mwenyewe sikioni, nisimtume mtu. Nimeibeba radhi hiyo siku tisa za kwenda na siku tisa za kurudi. Ninayo bado, na sijui niiweke wapi.

Sitakuja tena. Asanteni kwa chakula.

Yunus


Kisangani, 30 Juni 2022

Yunus mwanangu,

Barua hii naandika na mukono yangu. Ismaël iko chuo, Muzee amelala, na hakuna mutu wa kunyoosha maneno yangu. Utanivumilia.

Nilikudanganya. Muzee hakwenda Ubundu. Hawezi kwenda hata uani. Huu ni mwaka wa tatu upande wake wa kuume umekufa, anasema maneno mbili tatu, yanatoka vipande vipande, halafu anachoka. Siku ile alikuwa nyuma ya pazia, kitandani, na alisikia sauti yako tangu salamu ya kwanza. Niliingia kumwambia nani amekuja, nikakuta machozi yameshafika shingoni.

Sasa usikie kwa nini hakukuita. Katika ukoo wa baba yako kuna sheria yao. Muzazi aliyeacha mutoto hana ruhusa ya kujitokeza mbele yake. Anakaa ndani, anangoja. Mutoto akiuliza baba iko wapi, lile swali njo musamaha, na hapo mulango unafunguliwa. Asipouliza, analishwa vizuri, anaachwa aende na amani, na hakuna mutu wa nyumba anayeruhusiwa kumusukuma, juu swali la kufundishwa halina maana. Baba yako mwenyewe yalimpata akiwa kijana: baba yake alirudi kutoka Ubundu baada ya miaka sita ya kazi ya reli, akakaa jikoni siku tatu, mpaka Amuri akauliza. Hadithi hii amenisimulia mara nyingi. Kila akimaliza alikuwa anasema siku moja Yunus naye atakuja.

Donc wewe ulikuwa unangoja aonekane, na yeye alikuwa anangoja aulizwe. Na mimi katikati, na vyungu vyangu. Nilisoma barua yako ya Mei nikakaa chini, nikashika kichwa. Mwanangu, mimi sikupanga sahani saba. Nilipanga mbili. Nilipoona chai imeisha na hujauliza, nilisema nilete mihogo, upate nafasi ingine. Mihogo ikaisha. Nikatengeneza lituma. Nikamwambia Ismaël arudi sokoni kutafuta samaki. Kila sahani ilikuwa ni mimi nakungoja. Ulipokuwa unakula wali kwa shida niliona, nikadhani sasa tu utafungua kinywa. Lile nanasi nililikata polepole mpaka Ismaël akanitazama vibaya. Halafu ukasimama, ukanawa, ukashukuru, ukatoka. Nikaingia ndani. Muzee alichukua muda mrefu kuyapata maneno.

"Hakuniuliza," akasema. "Iko na haki. Mumuache aende."

Bon. Hayo ni ya sheria. Sasa yangu mwenyewe, na haya hata Ismaël hayajui.

Ningeweza kuivunja ile sheria. Ilikuwa ni kukuambia tu kwamba baba yako iko ndani. Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi saa sita nzima. Sikulisema, nikajiambia ni heshima kwa Muzee. Si kweli yote. Mugongo yako ilipovuka mulango, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Nilifurahi kidogo kwamba umeenda. Nakuandikia hivyo hivyo, juu nimechoka kukubeba moyoni.

Wakati wa vita, askari wa kigeni walipopigana ndani ya muji wetu, tulipotezana mtoni, mimi na Ismaël mugongoni, Muzee na mama yake. Batu walimwambia sisi tumekufa. Akakimbia mpaka kwenu. Miaka minane mimi nilikuwa nahesabiwa maiti, na mwanamuke mwingine alikuwa anampakulia bwana yangu chakula. Aliporudi kutafuta kaburi yangu alinikuta nauza mikate kando ya mto, hapa Lubunga. Alikaa chini kwenye muchanga. Baadaye alinieleza yote, Tatu na wewe, hakuficha kitu. Mwezi haukuisha akaniambia anakwenda kuwachukua. Mimi nilimwambia akivuka lile ziwa tena, asirudi kwangu. Nililisema mara moja tu, na alinisikiliza. Alituma barua mbili kwenu na sabuni na vitenge, halafu haya ikamuzidi, akaacha.

Kwa hiyo ile hasira yako ya miaka kumi na tano, gawanya. Kubwa yake ni yangu. Munyanganye yeye, uniwekee mimi.

Habari ya kifo cha Tatu sijamwambia. Barua yako niliisoma peke yangu, nikamwambia Yunus anasalimia. Radhi ya mama yako si yangu ya kugusa. Ulisema sikioni, na ni mudomo wako.

Tangu uondoke hali chakula vizuri. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya simu ya Ismaël. Muzee hajui kama nakuandikia. Nimeivunja sheria yake sasa, nimekusukuma. Kuja umuulize, hata kama ni swali la kufundishwa.

Safi


Uvira, Jumapili 9 Oktoba 2022

Mama Safi,

Barua yako ya Juni nimeipata Jumatano hii. Dady alivunjika mguu Bukavu, nayo ikalala kwenye begi lake miezi mitatu. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na kesho yake nikapanda meli.

Leo nimempigia Ismaël kwa simu ya mwenye nyumba ya wageni. Laini yangu ya nyumbani haishiki huku. Mtandao umekatika mara nne, lakini nimesikia yanayotosha. Baba hajala tangu Alhamisi. Kwenye simu hasikii lolote, ila mtu akimsemea karibu na sikio anaelewa. Ndege yangu kutoka Goma ni ya Ijumaa, na sijui kama nitawahi. Kwa hiyo naandika karatasi hii, naipiga picha, naituma kwenye simu ya Ismaël sasa hivi. Nakuomba wewe ndiye umsomee, si Ismaël. Nina hasira na wewe bado, sitakuficha. Lakini umenieleza kweli yote ukiwa na njia ya kunyamaza, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka akae karibu na sikio lake.

Msomee hivi, taratibu:

Baba yuko wapi? Mimi Yunus wa Ujiji nauliza. Swali hili nilikuwa nalo tangu utotoni, nikakatazwa. Baba yuko wapi?

Halafu umwambie: Tatu alifariki Ramadhani ya mwaka jana. Amekupa radhi kwa yote. Aliniagiza nikwambie sikioni, na leo naazima mdomo wa Mama Safi kwa sababu niko mbali.

Kesho naondoka kwenda Bukavu, sitakuwa na simu mpaka nifike kwenu.

Yunus


Lubunga, Alhamisi 13 Oktoba 2022

Yunus mwanangu,

Barua hii Ismaël atakupa Bangoka, ukitoka tu kwenye uwanja wa ndege. Kwetu mutu aliyetoka safari haambiwi habari ya kifo mpaka amekula. Batu wa mutaa walitaka tukupokee na kicheko, tukupakulie kwanza. Nimekataa. Mimi nilishakulisha mara moja nikinyamaza. Nakuambia sasa, ukiwa bado na begi mukononi: baba yako amefariki Jumanne, saa sita mchana. Tulimuzika siku ile ile baada ya alasiri, hapa Lubunga, karibu na mama yake. Kaa chini kwanza. Ukipata nguvu, endelea kusoma.

Picha yako ilifika Jumapili mchana. Nilitoa batu wote chumbani, hata Mama Pélagie ambaye hatokaki. Nikakaa kitandani, nikaweka mudomo kwenye sikio lake la kushoto, ile simu mukononi. Nikasoma swali lako. Hakutikisika. Nikasoma tena. Akafungua macho, akanitazama na hasira, na nilimwelewa: alidhani mimi njo nimekufundisha. Alors nikamwambia yote. Kwamba ni kweli nilikuandikia, nilivunja sheria yake, anihukumu kama anataka. Lakini lile swali si langu. Nikamueleza jinsi ulivyokuwa unamuuliza Tatu kila jioni tangu miaka saba, mpaka jioni ile ugali ukaungua ukakatazwa. Nikamwambia swali lake alilokuwa anangoja lilishaulizwa miaka miwili mizima, kule Ujiji, na hakuwepo kulisikia.

Alilia sana. Mudomo wake ulikuwa unatafuta neno, nikadhani anataka maji. Akatikisa kichwa. Alikuwa anataka nisome mara ya tatu. Nikasoma.

Yunus, unajua maneno yake yanatokaka namna gani, nilikuandikia. Miaka tatu tunabahatisha anasema nini. Hili lilitoka zima.

"Niko hapa," akasema.

Akapumzika kidogo, akatazama upande wa mulango, akasema tena na sauti ya mutu anayeitwa kutoka chumba kingine: "Yunus, niko hapa."

Nikamusomea ya Tatu. Alifunga macho, akaitikia innalillahi kwa midomo tu, halafu akawa anarudia jina lake. Aliniuliza kama Tatu aliumia sana, na mimi sikujua, utatuambia wewe. Nami nikamwomba radhi yangu, kwa lile neno nililomwambia mwaka ule. Aliweka mukono wake muzima juu ya kichwa changu, ukakaa pale mpaka ukalala usingizi pamoja naye.

Jumatatu alikula vijiko vitatu vya uji, mbele ya Ismaël. Siku hiyo yote mutu akiingia anageuza shingo, anatazama kama ni wewe. Nilimwambia ni Ijumaa, akaelewa, lakini aliendelea kutazama. Jumanne asubuhi hakugeuka tena, nikajua.

Nyumba imejaa batu wa matanga. Ukifika hakuna atakayekushika kwa chakula, nimewaambia wote. Ismaël atakupeleka kwanza kaburini, mimi nitabaki uani nikuache na baba yako. Ukisimama pale, muulize kwa mudomo wako mwenyewe. Alivyojibu nimeshakuandikia.

Mama yako,
Safi